Jaribio la majivu kwenye maharage: mpango wetu una kasoro wapi?

Mwl_Kihesa

Kamwene wakuu. Klabu ya sayansi ya shule yetu hapa Iringa inataka kupima jambo ambalo kila nyumba huku ina jibu lake: je, majivu ya jikoni yanazuia maharage kubunguliwa yakiwa ghalani? Wanafunzi ni wa kidato cha pili na cha tatu. Vifaa ni vya kawaida: mizani ya maabara inayosoma hadi desimali moja ya gramu, kipimajoto, silinda za kupimia, chupa za maji za lita moja, na friji yenye sehemu ya kugandisha.

Mpango walioandika ni huu. Chupa tatu, kila moja nusu kilo ya maharage aina ya kablanketi ya sokoni. Ya kwanza haiwekwi kitu, ya pili inawekwa vijiko vitano vya majivu, ya tatu vijiko vitano vya unga wa maua ya pareto. Kila chupa inatiwa fukusi 10, inafungwa kwa kifuniko kilichotobolewa kwa msumari, kisha zote zinapangwa dirishani. Baada ya siku 14 wanahesabu waliokufa na walio hai. Nadharia tete yao, yaani dhana wanayotaka kuijaribu, inasema: "Majivu ni mazuri kwa kuhifadhi maharage."

Naona matundu kadhaa, lakini nataka niwaonyeshe sababu, siyo kuwaamrisha tu wabadilishe. Chupa ngapi zinatosha? Kundi dhibiti, yaani la kulinganishia, ni ile chupa isiyowekwa kitu peke yake, au linahitajika zaidi? Na siku 14 zinafaa kwa baridi ya huku mwezi wa Juni?

fundi_maabara_Uyole

Mwalimu, swali lao linapimika kwa gharama ndogo, kwa hiyo lina thamani. Naanza na maharage yenyewe, maana hapo ndipo jaribio la namna hii hufia kabla halijaanza.

Fukusi wa maharage tunayemwona sana nyanda za juu, Acanthoscelides obtectus, hasubiri ghala. Jike hutaga hata shambani, kwenye maganda yaliyokauka, na kiluwiluwi huingia ndani ya punje na kukaa humo bila kuonekana kwa nje. Kilo moja ya sokoni inaweza kuonekana safi kabisa kumbe ina wakazi. Ukiitia majivu, waliomo ndani wataendelea kukua na watatoka kwa wakati wao, kwa sababu majivu hayaingii ndani ya punje. Wanafunzi wataandika kwamba majivu hayafanyi kazi, na watakuwa wamepima kitu kingine.

Kwa hiyo maharage yote yasafishwe kwanza. Weka kwenye mfuko uliofungwa vizuri, gandisha kwa nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku 7. Ukiutoa, acha mfuko umefungwa kwa siku nzima hadi urudi joto la chumba. Ukiufungua ukiwa baridi, unyevu wa hewa unatua kwenye punje na wiki mbili baadaye una ukungu. Pima joto la friji kwanza, kwa sababu kile kisanduku cha juu cha friji ndogo mara nyingi hakifiki nyuzi hizo. Kama hakifiki, tumia jua: karatasi ya nailoni nyeusi chini, maharage tabaka moja, nailoni angavu juu, kingo zibanwe kwa mawe, kipimajoto katikati ya punje. Nyuzi 57 kwa saa moja huua mayai na viluwiluwi vya fukusi wa jamii hii. Ila joto hilo linaweza kugusa uotaji, kwa hiyo kama mnataka pia kupima mbegu zinavyoota, gandisheni.

Halafu tengeni chupa mbili za maharage yaliyosafishwa ambazo hazitiwi fukusi kabisa. Akitoka mdudu humo, usafishaji ulishindikana na namba zote nyingine ziangaliwe kwa mashaka. Kwa hiyo jibu la swali lako la pili ni kwamba ile chupa isiyowekwa kitu haitoshi.

Unyevu pia uwe mmoja kwa maharage yote. Kama hamna kipima unyevu, tieni chumvi kavu kijiko kimoja na maharage hadi theluthi ya chupa ya kioo kavu, mtikise kwa dakika moja hivi na kuacha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta, unyevu umezidi takriban asilimia 15, yaanikeni zaidi.

Sasa fukusi. Fukusi aliyekomaa huishi kama wiki mbili hivi bila kula maharage. Kazi yake ni kujamiiana na kutaga. Ndiyo maana siku 14 ni chaguo baya kuliko yote: siku hiyo hata wale wa chupa isiyo na kitu wanakufa kwa uzee, na tofauti kati ya chupa inayeyuka. Hesabuni vifo siku ya 3 na ya 7. Wote wawe na umri mmoja: fugeni kwenye ndoo yenye kilo 2 za maharage wiki nane kabla, kisha siku ikikaribia ondoeni wakubwa wote, subirini siku 3, mchukue waliotoka ndani ya hizo siku 3. Kutenganisha dume na jike kwa huyu ni kazi ya darubini, kwa hiyo tieni 20 kwa kila chupa, waliochukuliwa bila kuchagua, ili uwiano usiyumbe sana.

Tahadhari mbili za kuhesabu. Fukusi hujifanya amekufa akiguswa. Mguse kwa brashi laini, subiri dakika 5, mguse tena. Na asubuhi ya Juni wote wanaonekana wafu kwa baridi. Hesabuni saa sita mchana, saa ileile kila mara, mkiandika joto la chumba.

Kinachomhusu mkulima hasa ni kizazi kipya. Kwenye nyuzi 27 hadi 30 hutoka baada ya wiki nne hadi tano. Kwenye chumba cha nyuzi 18 au 20 muda huo unaweza kufika maradufu. Msipange tarehe kwa kubahatisha, fuateni chupa zisizowekwa kitu: kabla mdudu hajatoka, punje huonyesha kidirisha cha duara, ngozi nyembamba inayopitisha mwanga. Tangu mdudu wa kwanza atoke, hesabuni na kuondoa wapya kila baada ya siku 3 kwa wiki tatu, kisha mfunge hesabu kabla kizazi kinachofuata hakijachanganyika.

Na jambo linaloharibu kazi za wengi: msichekeche. Mayai ya huyu hayagandi kwenye punje, yamelala huru kati ya maharage. Ukipitisha kwenye chekeche siku ya 7 unaondoa mayai na majivu pamoja, halafu unashangaa chupa imekuwa safi. Mwageni kwenye trei nyeupe, chukueni wakubwa kwa brashi, rudisheni kila kitu hadi vumbi la mwisho.

Kifuniko cha tundu la msumari, fukusi anapita. Tumieni makopo ya mdomo mpana, mkate duara kubwa kwenye kifuniko na mfunike kwa kitambaa cha marekani na mpira wa kubana. Chupa ya maji haifai, shingo yake inabakiza majivu kila ukimwaga. Dirishani pia pasitumike, jua likipiga mnapima jua.

Bulongwa_pareto

Fundi kasema mengi, mimi nabaki kwenye vipimo. Kijiko si kipimo. Majivu ni mepesi, unga wa pareto ni mwepesi kwa namna yake, na kijiko cha mlundikano cha mtoto mmoja ni kijiko na nusu cha mwenzake.

Tena kiasi chenyewe kinategemea mnadhani majivu yanafanya kazi vipi. Mtu anayehifadhi kwa majivu hanyunyizi. Anachanganya mengi, kama vipimo 3 vya majivu kwa 4 vya punje, hadi nafasi kati ya punje zinajaa. Hapo mdudu anayetoka hapati njia ya kutembea, kujamiiana wala kutaga. Majivu kidogo yanafanya kitu tofauti: yanakwangua ule utando wa nta juu ya ngozi ya mdudu na anapoteza maji. Vijiko vitano kwenye nusu kilo havijazi nafasi, kwa hiyo mngepima njia ya pili mkadhani mmepima desturi ya mababu.

Napendekeza gramu 200 za maharage kwa kila kopo, ambazo ni kama ml 250 kwa ujazo, na hali tano: bila kitu, majivu ml 60, majivu ml 190, yaani ile 3 kwa 4, mchanga laini ml 190, pareto gramu 2.

Mchanga ndio kiungo ambacho watu husahau. Chukueni wa Mto Ruaha Mdogo, uosheni hadi maji yawe maangavu, ukausheni kwenye sufuria, upitisheni kwenye chujio lilelile la chai mtakalopitishia majivu. Mchanga ukizuia fukusi sawasawa na majivu, basi ni kujaza nafasi kunakofanya kazi. Majivu yakiushinda, yana kitu cha ziada. Bila hilo kopo mtajua kwamba majivu yanasaidia, hamtajua kwa nini. Lakini linganisheni kwa ujazo, kwa sababu mchanga wa ujazo huo una uzito mara mbili ya majivu au zaidi.

Majivu yote yatoke jiko moja na kuni moja, ya mkaratusi au ya muwati, yapitishwe kwenye chujio la chai yasiwe na vipande vya mkaa, yakaushwe. Yaliyolala wiki nzima kwenye debe wazi yameshavuta unyevu.

Pareto yenu iwe ya maua yaliyokaushwa kivulini na kusagwa karibuni, itunzwe kwenye kopo lisilopitisha mwanga. Sumu yake huvunjwa na mwanga, na unga wa mwaka jana uliokaa dirishani ni vumbi tu. Huangusha mdudu haraka, lakini wengine huzinduka. Kwa makopo ya pareto hesabuni baada ya saa 24 na tena saa 72. Kazi yake hapa ni moja: tunajua inaua, kwa hiyo isipoua, kuna kitu kimekosewa kwenye jaribio au kwenye unga wenyewe.

Na anzeni kuandaa makopo yasiyowekwa kitu, pareto iwe ya mwisho kabisa. Mikono na brashi hubeba.

Mwl_Kihesa

Shukrani sana. Hilo la kuchekecha na hilo la mchanga hatukuwa nayo kabisa. Sasa limebaki swali la idadi. Hali tano, kopo moja moja, ni makopo matano. Wanafunzi wanasema wakihesabu watu watatu kopo lilelile na majibu yakifanana, hayo ni marudio matatu. Nawajibuje?

Kimondo_Mbozi

Wajibu kwamba watu watatu wakihesabu kopo moja wamepima uhodari wao wa kuhesabu. Kinachorudiwa ni kile kilichopewa tiba (majivu, mchanga, pareto), na tiba imepewa kopo. Fukusi 20 ndani ya kopo moja si marudio 20. Wote wanakula hewa moja, wamefunikwa kitambaa kimoja, na kitambaa kikilegea kimelegea kwa wote.

Kuhusu idadi, msiwape kanuni, wapeni hesabu wanayoweza kuifanya kwa vidole. Tuseme majivu hayafanyi chochote. Ukiwa na kopo moja la majivu na moja bila kitu, lazima mojawapo liwe na uharibifu mdogo, na nafasi kwamba ni la majivu ni nusu, sawa na kurusha shilingi. Ukiwa na mawili mawili, makopo manne yanaweza kugawanywa makundi mawili kwa njia 6, na bahati tupu inaweza kuyaweka yote mawili ya majivu chini mara 1 katika 6. Matatu matatu, njia 20. Manne manne, njia 70. Kwa hiyo manne manne ndiyo idadi ndogo ninayoweza kuitetea: hali tano mara nne ni makopo 20, na yale mawili ya fundi 22. Maharage kilo 4.4, chukueni 5. Fukusi 400, fugeni zaidi ya hapo.

Mfano wa namba za kufanyia mazoezi, siyo matokeo ya kweli. Punje zenye matundu katika makopo manne yasiyo na kitu: 31, 44, 38, 27, wastani 35. Makopo ya majivu: 12, 29, 9, 14, wastani 16. Mwanafunzi ataona 29 na atataka kuitupa. Haitupwi kwa sababu inakera. Inatupwa tu kama kuna sababu iliyoandikwa kabla ya hesabu, mfano kitambaa kilikutwa kimechanika. Sasa waandike namba zote nane kwenye vikaratasi, watafute ni migawanyo mingapi kati ya 70 inatoa jumla ya 64 au chini kwa upande wa majivu. Ni miwili tu: 9, 12, 14, 27 na 9, 12, 14, 29. Mbili kwa 70 ni kama asilimia 3. Maana yake, kama majivu hayana kazi, matokeo ya namna hii yangetokea kwa bahati mara chache hivyo. Hiyo ina nguvu kuliko kusema "wastani umetofautiana", na hawakuhitaji kompyuta.

Sharti ni kwamba walishaandika mapema wanategemea majivu yapunguze. Ndiyo maana nadharia tete yenu haifai: "mazuri" haipimiki. Andikeni hivi: makopo yenye majivu ml 190 yatakuwa na punje chache zenye matundu kuliko yasiyo na kitu, mwisho wa wiki tatu tangu mdudu wa kwanza atoke. Sentensi hiyo inaweza kushindwa, na ikishindwa kila mtu ataona.

Kupanga: trei nne, kila trei ina kopo moja la kila hali. Trei moja rafu ya juu, nyingine karibu na mlango, na kadhalika. Nafasi ndani ya trei mpate kwa kuchota vikaratasi. Hivyo baridi ya mlangoni inagusa hali zote tano sawa. Makopo yaandikwe namba 01 hadi 22 na ufunguo, yaani orodha ya namba na hali zake, akae nao mwalimu. Majivu yanaonekana kwa macho, najua, kwa hiyo mwishoni kundi moja lifute punje zote kwa kitambaa kikavu, za makopo yote, hata yasiyo na kitu, kisha kundi lingine lihesabu matundu bila kujua limeshika kopo gani. Na wakati wa kuchanganya, kila kopo lilazwe na kuviringishwa mizunguko 20, hata lile lisilo na kitu, kwa sababu kuviringisha kwenyewe kunaweza kuumiza wadudu na mayai.

Vifo virekebishwe. Kama bila kitu walikufa asilimia 10 na kwenye majivu asilimia 55, kilicholetwa na majivu ni 55 toa 10, gawanya kwa 100 toa 10, yaani 50. Ni kanuni ya Abbott ya mwaka 1925. Wakifa zaidi ya asilimia 20 bila kitu chochote, fukusi wenu walikuwa wachovu, anzeni upya.

Hasara ya uzito msiipate kwa kupima kopo mwanzo na mwisho, maana maharage huvuta na kuachia unyevu na majivu yanabaki kwenye punje. Tenganisheni nzima na mbovu, mhesabu na kupima kila fungu. Mfano: nzima 450 zina gramu 180, mbovu 50 zina gramu 16. Chukua 180 mara 50 utoe 16 mara 450, upate 1,800. Gawanya kwa 180 mara 500, yaani 90,000. Hasara ni asilimia 2.

fundi_maabara_Uyole

Nakubaliana na Kimondo, ila kwa punje 500 hasara ya asilimia 2 inakaa kwenye gramu chache. Mizani yenu ya desimali moja inatosha ikiwa tu mnaisawazisha sifurini kabla ya kila fungu na dirisha limefungwa.

Kuhusu mwisho wa kazi, kwa kuwa mtakuwa na mamia ya fukusi hai shuleni: makopo yote yagandishwe kwenye friji kwa siku 7 kabla ya kufunguliwa kwa usafi, au yamwagiwe maji yanayochemka. Maharage ya pareto na ya makopo mengine yasiende jikoni wala yasigawiwe kama mbegu. Yazikwe kwenye shimo la mboji. Wanaochanganya majivu na pareto wafunge kitambaa puani na wafanyie nje upepo ukiwa mgongoni. Majivu yakilowa ni makali, yanachoma macho, kwa hiyo ndoo ya maji safi iwe karibu.

Kama mnataka kuongeza kipimo kimoja bila gharama, chukueni punje 100 nzima kutoka kila hali isipokuwa pareto, 25 kwa kila kopo, zikunjeni kwenye kitambaa chenye unyevu, mhesabu zilizoota siku ya 8. Kwa baridi ya Juni siku ya 5 bado mapema.